Mtoto wa mchungaji asiyeleta shida

Waumini wakiniuliza kwa nini watoto wa wachungaji huharibika, nami huwauliza wanawajua wangapi. Hutajwa mmoja, yule kijana aliyeonekana amelewa senta, kule madukani. Dada zake wanaoimba kwaya hakuna anayewahesabu. Mtoto wa fundi baiskeli akilewa, habari huishia kwao. Wa mchungaji akilewa, kanisa zima linajua kabla ya Jumapili.

Mimi ni mshauri nasaha wa familia, na kazi yangu nyingi iko Arua na Kampala, kwenye makanisa yanayoabudu kwa Kiswahili. Takwimu ninazozirejea zaidi zinatoka mbali. Mwaka 2013 taasisi ya Barna ya Marekani iliwahoji wachungaji kuhusu watoto wao. Asilimia 40 walisema mtoto wao amewahi kupitia kipindi cha mashaka makubwa ya imani, 33 kwamba hashiriki tena mambo ya kanisa, na 7 tu kwamba hajihesabu tena kuwa Mkristo. Waliojibu ni wazazi, si watoto, na mazingira ni mengine. Lakini kuhusu chanzo cha shida hizo, jibu lililoongoza, kwa asilimia 28, lilikuwa matarajio makubwa mno ambayo watu humtwika mtoto. Hilo nalisikia huku pia, tena mara kwa mara.

Fikiria nyumba ya mchungaji wa Kanisa la Uganda, yaani Anglikana. Nyumba ni ya kanisa. Askofu akimhamisha baba, watoto hufunga magodoro, wakaacha shule na marafiki. Wageni wakilala, wanaohama kitanda ni watoto. Na kuta ni nyembamba. Binti mmoja alinisimulia jinsi usiku mmoja, akiwa kitandani, alivyomsikia mzee wa kanisa akimfokea baba yake sebuleni aombe uhamisho. Jumapili mzee yuleyule akasimama kutoa ushuhuda juu ya upendo. "Baada ya ibada nikampelekea chai, nikapiga magoti," aliniambia. "Baba aliniona, akatazama pembeni."

Binti huyo hakuasi hata siku moja. Alifundisha Shule ya Jumapili mpaka alipokwenda chuo kikuu, na huko akaacha kusali bila kumwambia mtu. Watoto wa namna hii ndio wanaoninyima usingizi. Anayeasi, angalau wazazi wanajua kuna jambo. Huyu mtiifu aliivaa imani kama sare ya shule, na watu wakamsifu kwa jinsi ilivyomkaa.

Kwenye makanisa ya kipentekoste ambayo mchungaji ameyaanzisha mwenyewe, uhamisho haupo, ila kuna urithi. Kijana hupewa maikrofoni kabla hajaulizwa kama ameitwa.

Wapo wanaomtupia baba lawama zote, 1 Timotheo 3 mkononi, inayomtaka kiongozi wa kanisa awe na watoto watiifu. Wasome pia 1 Samweli. Kuhani Eli alihukumiwa kwa kutowazuia wanawe waovu, Hofni na Finehasi. Nabii Samweli Biblia haimtajii kosa hilo, lakini wanawe, Yoeli na Abiya, walipokea rushwa na kupotosha hukumu huko Beer-sheba. Malezi yana nguvu sana, ila hayamwamulii mtoto kila kitu.

Wachungaji nawaomba wasimtaje mtoto kwenye mahubiri bila idhini yake, hata kwa kumsifu. Wamtafutie pia mtu mzima mwingine, ssenga (shangazi) au mjomba mwenye kifua, ambaye mtoto anaweza kumwambia "siku hizi siwezi kuomba" na neno hilo lisifike madhabahuni wala kwa mama mchungaji.

Kwa wazee wa kanisa: mgogoro na mchungaji upelekeni ofisini, mchana, watoto wakiwa shuleni. Na mtoto wake akikimbia kanisani, mkatazeni kama mnavyowakataza wengine wanaokimbia naye, bila kumuuliza, "Na wewe, mtoto wa mchungaji?"