Mafuta ya makonyo huzama: dhana potofu za wanaoanza kupika mafuta kwa mvuke

Kila msimu wa karafuu Pemba malalamiko ni hayo kwa hayo. Mtu amejenga mtambo wake nyuma ya nyumba, amepika makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, mchana kutwa, na jioni hana mafuta. Anayalaumu makonyo, analaumu mvua iliyoyanyea yakiwa kwenye jamvi, analaumu kuni. Ukimuuliza yale maji yaliyotoka kwenye koili, ile paipu ya mzunguko inayopoza mvuke, ameyapeleka wapi, atakwambia ameyamwaga mtaroni. Basi mafuta nayo yako mtaroni.

Dhana: mafuta yoyote huelea juu ya maji.

Hii ndiyo dhana inayowatia watu hasara kuliko nyingine zote, na inachosha kuirudia kwa sababu kuipima kunahitaji gilasi moja ya maji na tone moja la mafuta. Mafuta ya makonyo yana eugenoli, kemikali inayoyapa harufu ya karafuu, asilimia 80 na zaidi, na eugenoli ni nzito kuliko maji. Lita moja ya mafuta haya ina uzito wa karibu kilo 1.05. Lita ya mafuta ya mchaichai haifiki hata kilo 0.9, ndiyo maana mchaichai huelea, na mkaratusi vilevile. Mafuta ya majani ya mdalasini huzama, kwani nayo yamejaa eugenoli.

Kosa huanzia kwenye chombo cha kutenganishia. Wengi huiga chombo cha mchaichai: paipu ya kutolea maji inaanzia chini kabisa, inapanda kwa nje kama shingo, na mafuta hukusanyika juu. Ukitia makonyo humo, kinachotangulia kutoka kwa paipu ya chini ni mafuta yenyewe, na unachobaki kukitazama juu ni maji.

Kwa makonyo chombo kigeuzwe. Tafuta chupa kubwa ya kioo au ndoo ya chuma cha pua ya lita 5 hadi 10, yenye mfereji mdogo chini kabisa wa kutolea mafuta, na mdomo wa kumwagia maji karibu na juu. Maji ya kwenye koili yaingie kwa faneli ndefu ambayo ncha yake imezama hadi katikati ya chombo na imepindwa kuelekea juu kidogo. Ncha ikielekea chini, kila tone linaloingia linayachafua mafuta yaliyokwisha kutulia. Ikiishia juu, mafuta mapya yanavuka moja kwa moja hadi kwenye mdomo wa kutokea. Weka na chombo cha pili cha namna hiyohiyo, kipokee maji yanayotoka kwenye cha kwanza. Mtaona wenyewe kiasi kinachokamatwa humo.

Hata hivyo maji hayo ya mwisho msiyamwage. Rangi yake ya maziwa ni vitone vidogo vya mafuta ambavyo havijapata nafasi ya kuzama, kwa kuwa tofauti ya uzito kati ya mafuta haya na maji ni ndogo. Tena yapo mafuta usiyoyaona kabisa: eugenoli huyeyuka kwenye maji, gramu 2 na kidogo kwa kila lita. Piga hesabu. Kilo 10 za makonyo makavu, zikipikwa vizuri, hutoa gramu 500 hadi 600 za mafuta. Kuyatoa yote huenda ukageuza lita 40 za maji kuwa mvuke. Lita 40 hizo, baada ya kutenganishwa na kuonekana safi, bado zimebeba gramu 80 na zaidi. Ukizimwaga, umemwaga sehemu kama ya saba ya kazi yako.

Dawa yake ni kuyarudisha maji hayo kwenye chungu wakati upishi unaendelea, yachemke tena. Maji yaliyokwisha kushiba eugenoli hayachukui nyingine, kwa hiyo kinachofuata hutoka kama mafuta. Wala hakuna gharama: chungu kinahitaji maji kila mara, nawe unayo tayari, yana moto kidogo, yanapunguza hata kuni. Chombo cha kutenganishia kikae usiku mzima kabla ya kufungua mfereji wa chini.

Dhana: moto mkali, mafuta mengi.

Eugenoli ikiwa peke yake huchemka kwenye nyuzi 254 hivi. Watu husikia hivyo wakaongeza kuni. Lakini ndani ya mvuke haihitaji kufika huko. Husafiri pamoja na mvuke chini kidogo ya nyuzi 100. Moto mkubwa hauyafanyi maji ya chungu ambacho paipu yake ya kutokea iko wazi yapite nyuzi 100, unaongeza wingi wa mvuke tu, na wingi huo ndio unaoharibu. Maji yanaruka juu ya wavu uliobeba makonyo na kuyalowesha. Mvuke unatoboa njia moja katikati na kuyaacha ya pembeni yalivyo. Koili inazidiwa, mvuke unatoka nje haujapoa, na ile harufu nzuri inayojaa mtaa mzima ni mafuta yako yanayoondoka. Mwisho maji yanakauka, makonyo yanaungua, na mafuta yananuka moshi kwa namna isiyotoka tena.

Kwa chungu cha lita 80 chenye kilo 10 za makonyo na lita 20 za maji chini ya wavu, nafasi ya vidole vinne ikibaki kati ya maji na wavu, lengeni chupa ya lita moja ijae kwa dakika 12 hadi 15. Maji yatoke kama uzi usiokatika, vuguvugu, yasiunguze mkono. Kazi hiyo ni ya saa 8 hadi 10. Anayezima moto baada ya saa tatu ameacha mafuta mengi ndani ya makonyo. Yapondeni kidogo kabla ya kupakia, siku hiyohiyo, wala msiyasage yakawa unga, kwani unga hushikana na mvuke haupiti. Msishindilie. Mfuniko uzibwe kwa unga wa ngano uliokandwa, na paipu ya kutokea isizibwe kamwe; chungu kilichozibwa hupasuka.

Dhana: ni kama gongo, lazima uvundike kwanza.

Hapana. Gongo huhitaji sukari igeuzwe pombe. Hapa hakuna kinachogeuzwa. Mafuta yamo tayari ndani ya konyo. Ukivundika unapata ukungu tu. Anika yakauke, basi.

Dhana: pipa la chuma au chungu cha shaba vinatosha.

Eugenoli hushambuliana na chuma na shaba, na mafuta hutoka meusi au ya zambarau. Halafu muuzaji anadai weusi huo ni ukali wa mafuta! Mafuta mapya ya makonyo ni ya manjano hafifu, huwa ya kahawia polepole kadiri yanavyokaa. Tumieni chuma cha pua, kuanzia chungu hadi koili. Plastiki nayo muiache: mafuta haya huilainisha, na vikopo vingine huvitoboa kabisa. Chupa ya kioo cheusi, ijazwe hadi shingoni.

Dhana: afadhali kupika karafuu zenyewe.

Karafuu hutoa asilimia 15 hadi 20, makonyo 5 hadi 7, majani 2 hadi 3. Kwa hesabu hiyo karafuu inaonekana imeshinda. Lakini makonyo ni mabaki baada ya kuchambua, na eugenoli yake haipungui ile ya karafuu. Hata kiwanda cha mafuta pale Wawi, Chake Chake, hutumia makonyo. Karafuu nzuri ikauke, ipelekwe kwenye kituo cha kuuzia karafuu.

Dhana: ni ya asili, hayadhuru.

Hapa tunaomba msikilize. Mililita 5 hadi 10 zimewahi kuwaharibu ini watoto wadogo na kuwapeleka hospitali wakiwa mahututi. Mtoto asipewe kwa mdomo, wala asipakwe kwenye fizi anapoota meno, hata kama bibi alifanya hivyo. Akimeza, msimtapishe, mkimbizeni hospitali pamoja na chupa. Kwa mkubwa, mafuta matupu huunguza fizi na ngozi. Ya kuchulia yawe nusu mililita kwa kila mililita 100 za mafuta ya nazi, yasizidi. Atakayetaka kuyauza aulize kwanza masharti ya ZFDA, Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar.

Dhana: tone likizama, mafuta ni safi.

Tone linalorudi juu hata ukilisukuma ndani ya maji ni ushahidi wa kutosha kwamba si mafuta ya makonyo, au yametiwa mafuta ya kupikia mengi. Linalozama halithibitishi kitu, kwa sababu kiasi kidogo cha mafuta ya kupikia hakitalizuia kuzama. Dondosha jingine kwenye karatasi nyeupe, uiache mahali penye upepo siku mbili au tatu, maana eugenoli hukauka taratibu. Ikibaki alama ya mafuta inayopitisha mwanga, yamechanganywa.