Laktomita isiyojua joto la maziwa

Maziwa yanayoshuka Goma kutoka vilima vya Masisi hupita mikono mingi: mchungaji, mwenye pikipiki, mpokeaji wa kituo, mama wa sokoni. Kati ya hao, mwenye kipimo ni mpokeaji peke yake. Akisema yana maji, yana maji, na mfugaji anarudi na bidoni lake.

Asubuhi moja nilikuwa kwenye kituo kimoja juu ya Sake. Mama mmoja alifika na lita kumi, bado zina joto la ng'ombe. Kijana wa kituo akamimina kwenye silinda, akatumbukiza laktomita, kijiti kinachoelea na kuonyesha uzito wa maziwa, ikazama hadi 27. Maziwa halisi ya ng'ombe husoma kati ya 28 na 32, yaani lita moja ina uzito wa gramu 1,028 hadi 1,032.

"Mama, haya umeyatia maji."

Mama akaapa kwa watoto wake. Nikaomba kipimajoto, nikasoma digrii 30. Laktomita ile ilitengenezwa isomwe maziwa yakiwa digrii 20, na kila digrii inayozidi hapo unaongeza 0.2 kwenye namba uliyoisoma. Ile 27 ilikuwa 29. Maziwa yalipokelewa, ila mama aliondoka bila kumuaga yule kijana.

Hapo sijagusa mapovu. Barabara zetu za mawe hutikisa bidoni mpaka maziwa yanajaa hewa, na hewa huyafanya yaonekane mepesi. Tena maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi huwa mepesi kidogo kuliko yatakavyokuwa saa chache baadaye, kwa kuwa mafuta yake bado hayajaganda. Anayewahi kituoni na maziwa mabichi kabisa ndiye anayeshukiwa zaidi.

Sisemi kwamba wachuuzi wote ni malaika. Mjanja anayejua laktomita huengua malai kwanza. Malai ni mepesi, kwa hiyo yakitoka, maziwa yanayobaki yanakuwa mazito, labda 34 au 35. Kisha anaongeza maji mpaka namba irudi 30, na kijana anampokea kwa tabasamu. Kipimo kimoja hakiwezi kumkamata mtu huyu. Unahitaji cha pili, cha mafuta au cha kuganda: maziwa huganda karibu na digrii 0.52 chini ya sifuri, na maji yakiongezwa namba hiyo husogea kuelekea sifuri, malai yawepo yasiwepo.

Kipimo cha spiriti nacho kina hila yake. Unachanganya maziwa na spiriti ya asilimia 70 kiasi sawa kwa sawa. Yaliyoanza kuchacha hukatika papo hapo, chembe nyeupe zikishika ukutani mwa chupa. Lakini nimekuta chupa za spiriti zisizo na kizibo, zimekaa dirishani wiki nzima. Spiriti ikipungua nguvu, maziwa yaliyochacha yanapita, yanaingia pipani na kuharibu ya wengine wote. Anayetengeneza jibini ndiye atakayegundua, akiwa amechelewa.

Kwa hiyo maabara kwetu, tunapochora kifaa cha kupimia maziwa kwa ajili ya vituo vya huku, mimi naanza na kipimajoto kilicho ndani ya kikombe kilekile cha kupimia, namba ijirekebishe yenyewe. Mdomo wa kikombe uwe mpana ili mkono na brashi viingie, kwani utando wa maziwa ya jana hudanganya kipimo cha leo. Spiriti itoke kwenye kata yenye kifyatuo, inayomimina kiasi kilekile kila mara na kujifunga. Umeme wa uhakika haupo, basi betri ichajiwe na jua. Vifaa vinavyotumia mawimbi ya sauti ni vyepesi na vya haraka, ila mapovu huvichanganya. Vinahitaji mahali pa maziwa kutulia kwanza. Vipima uchachu vya kioo chembamba ningeviacha mjini: vinavunjika, na vikikauka vinapoteza dira.

Jambo tunalobishana sana maabara ni kioo cha kusomea namba. Wenzangu wanataka kimwelekee mpokeaji, kwa kuwa yeye ndiye anayeandika daftarini. Mimi nataka pande mbili, namba ileile, na joto la maziwa liandikwe kando yake, ili mama yule aone 29 kabla hajaambiwa lolote.