Je, wajua kwa nini mstari wa tisa hukataa kupita?

Chora nyumba tatu kwenye karatasi. Chini yake weka vituo vitatu: cha maji, cha gesi na cha umeme. Sasa unganisha kila kituo na kila nyumba bila mstari wowote kukata mwingine. Mistari minane itapita. Wa tisa utakugomea, na ukifuta uanze upya, utakugomea mahali pengine.

Si uzembe wako. Haiwezekani, na ufunguo wake ulipatikana karne ya 18, mwanahisabati Leonhard Euler alipohesabu pembe, kingo na nyuso za maumbo kama mchemraba. Chukua pembe, toa kingo, jumlisha nyuso: 8 − 12 + 6 = 2. Mchoro wowote ulioungana ambao mistari yake haikatani hutii kanuni hiyo (nukta zikiwa pembe, mistari ikiwa kingo, maeneo yakiwa nyuso), ilimradi eneo la nje lihesabiwe pia.

Mchoro wetu una nukta 6 na mistari 9, kwa hiyo ungepaswa kuwa na maeneo 5. Lakini ukizunguka eneo lolote utatoka nyumba, uende kituo, kisha nyumba nyingine, kisha kituo kingine. Nyumba hazigusani zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo hakuna eneo lenye pande tatu. Kila moja linadai pande 4 au zaidi. Maeneo 5 yanadai pande 20. Kila mstari hutoa pande mbili, moja kwa kila upande wake, basi inahitajika mistari 10. Tunayo 9!

Hatukupima urefu wala pembe hata mara moja. Mstari unyooke au ujipinde kama nyoka, hesabu ni ileile. Huo ndio mtazamo wa topolojia, tawi la hisabati: umbo livutwe na kukunjwa upendavyo, mradi lisichanwe.

Mwaka 1930 mwanahisabati Kazimierz Kuratowski alithibitisha jambo ambalo kwangu linashangaza zaidi. Mchoro wowote usiochoreka kwenye karatasi bila mistari kukatana, hata wenye nukta milioni, umeficha ndani yake fumbo hili la nyumba, au nukta 5 zilizounganishwa kila moja na kila nyingine (pengine mistari ikiwa na nukta za ziada njiani). Hakuna kizuizi cha tatu.

Je, tukibadilisha karatasi? Mpira wa kuchezea hausaidii: utoboe tundu, uutandaze, umerudi kwenye karatasi. Jaribu tyubu ya tairi iliyojazwa upepo. Juu yake hesabu ya Euler hutoa 0 badala ya 2, hivyo maeneo yanayotakiwa ni 3 tu, na mistari 9 inatosha na kubaki. Ule mstari mkaidi unapenya kwenye shimo la katikati. Tyubu hiyo hubeba hata nukta 7 zilizounganishwa zote kwa zote, mistari 21 bila mgongano. Ukitaka nukta 8, itabidi uipe shimo la pili.