Simu imeshakuwa ufunguo wa gari, sasa macho yawe kwenye dashibodi

Mimi ni fundi wa umeme wa magari na maswali ninayoulizwa siku hizi yamebadilika sana. Zamani ilikuwa "ufunguo umevunjikia ndani ya swichi", sasa hivi ni "simu ikiisha chaji gari litafunguka?" Nitalijibu hilo, ila kuna jambo ambalo haliulizwi kabisa na mi naona ndo kubwa zaidi: ule ufunguo wa chuma ulikuwa unakulazimisha kupita ON kabla ya kupiga stata, na pale ON ndo gari linawasha taa zake zote uzione. Kwa simu unaingia, unakanyaga breki, unabonyeza kitufe, injini inawaka, umeshaondoka na dashibodi hujaitupia jicho.

Tuanze na simu yenyewe, maana watu wanachanganya vitu viwili. Kuna ile apu ya kampuni ya gari, ukibonyeza "fungua" amri inaenda kwa intaneti mpaka kwenye seva ndo ifike kwenye gari, hiyo bila mtandao haina kazi. Ufunguo wa kidijitali ni kitu kingine, hapo simu na gari zinaongea zenyewe kwa zenyewe, hata kama uko kwenye maegesho ya chini ya ardhi ambako hakuna mtandao hata kidogo. Siri ya ufunguo inakaa kwenye chipu maalum ya usalama ndani ya simu, gari linatuma swali, simu inajibu kwa hesabu ambayo mwenye ile siri tu ndo anaweza kuipiga, na siri yenyewe haitoki nje ya chipu.

Njia za kuongea ziko tatu. NFC ni ile ya kugusisha simu kwenye kitasa cha mlango, alafu unaiweka kwenye kisahani chake ndani ili gari liwake. Bluetooth inakutambua ukiwa bado unasogea. UWB ndo ninayoipenda zaidi kwa sababu inapima muda ambao mawimbi yanatumia kusafiri kati ya simu na gari, na mawimbi ya redio yanakwenda kama sentimita 30 kwa sehemu moja ya bilioni ya sekunde, kwa hiyo gari linajua kama uko mlangoni au uko mbali, au simu umeiacha kwenye kiti. Muungano wa watengenezaji wa magari na simu unaoitwa Car Connectivity Consortium uliweka Bluetooth na UWB kwenye toleo la 3.0 la kiwango chao mwaka 2021, kabla ya hapo toleo la 2.0 lilikuwa la NFC.

Kwanini umbali ni muhimu hivyo? Kwa sababu ya wizi wa kurefusha mawimbi. Mwizi mmoja anasimama karibu na wewe, mwenzake karibu na gari, vifaa vyao vinapitisha mazungumzo ya simu na gari kama yalivyo, na gari linaamini umefika. Mwaka 2022 watafiti wa NCC Group, kampuni ya usalama wa mifumo ya kompyuta, walionyesha hilo kwenye Tesla Model 3 iliyokuwa inatumia Bluetooth. Kama gari lako ni la Bluetooth tu na lina sehemu ya kuweka namba ya siri kabla ya kuendesha, iwashe leo leo.

Sasa chaji. Simu kadhaa zinabakiza umeme kidogo wa NFC hata kioo kikishazima, kwa iPhone inayokubali huduma hiyo ni kwa muda wa hadi masaa matano, na utagusisha kitasa kama kawaida. Ila hiyo ni akiba ya dharura usiizoee. Tembea na kadi au rimoti ya akiba, na isikae ndani ya gari. Pia kava la chuma au kadi za benki nyuma ya simu zinaziba NFC, mtu analaumu gari wakati tatizo liko kwenye kava.

Kuna kingine hakisemwi: simu inaweza kuwa na chaji 100 na mlango usifunguke, kwa sababu kile kisomeo cha kwenye kitasa kinakula umeme wa betri ya gari. Betri ya volti 12 ikifa, simu haina mtu wa kuongea naye. Na hata magari ya umeme mengi yana hiyo betri ndogo. Betri ikianza kuchoka dashibodi inachanganyikiwa, unaona taa ya ABS (ya breki), ya usukani, mpaka alama ya ufunguo kutoonekana, zote kwa mpigo. Ukiona hivyo usikimbilie kubadilisha sensa, pima betri kwanza, na vichwa vyake vikazwe.

Ndo maana nasema rudisha ile ON. Kwenye magari mengi ya kitufe, bila kukanyaga breki bonyeza mara ya kwanza, alafu ya pili, taa zinawaka injini ikiwa imezima. Angalia zipi zimewaka. Washa injini, angalia zipi zimegoma kuzima. Ni sekunde chache tu jamani.

Rangi nazo zina maana, nyekundu ni hatari, njano ni kasoro ya kushughulikia mapema, kijani na bluu ni taarifa kwamba kitu kimewashwa. Nyekundu ya kopo la oili ikiwaka unaendesha, simama pembeni na zima injini hapo hapo, maana presha ya oili imeshuka na vyuma vinasagana. Ya temperecha vile vile, na mfuniko wa rejeta usifunguliwe ukiwa wa moto. Ya betri inamaanisha altaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, haichaji, na kama ni mkanda umekatika, kwenye injini nyingi pampu ya maji inazungushwa na mkanda huo huo, kwa hiyo joto linafuata.

Taa ya injini ya njano inadharauliwa mno. Ikitulia bila kupepesa unaweza kuendesha taratibu mpaka kwa fundi akasome kodi, yaani namba za hitilafu, kwa mashine. Ikipepesa, injini inamisi, yaani kuna silinda haichomi mafuta vizuri, na mafuta ambayo hayajaungua yanaingia kwenye katalitiki (kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi) na kuichoma, punguza mwendo na usimame mahali salama. Usikubali fundi afute kodi kabla hajakwambia ilikuwa inasema nini.

Na moja kwa nyie mnaotumia simu kama ufunguo: ukishuka na simu mfukoni injini inaunguruma, haizimi, gari linalia tu kwamba ufunguo hauonekani. Aliyebaki akiendesha akaizima huko mbele, haiwaki tena. Usiupuuze ule mlio.

Na ukinunua gari lililotumika, fungua orodha ya funguo kwenye skrini, futa simu zote za mwenye gari wa zamani, kisha weka ON uhakikishe taa ya injini na ya eabegi zinawaka. Isiyowaka kabisa wakati huo inawezekana imechomolewa makusudi kuficha ugonjwa, na hapo usilipe mpaka gari lipimwe.