Kifuko cha Maji Ndani ya Pafu: Kazi ya Tegu wa Mbwa

Wagonjwa wengi wakisikia neno tegu, mawazo yao huenda moja kwa moja tumboni, kwa yule mnyoo mrefu na bapa anayetoka vipande vipande chooni. Tegu ninayekutana naye kwenye eksirei za kifua ni mwingine kabisa. Huyu, Echinococcus granulosus, hukomaa ndani ya utumbo wa mbwa bila kufikia hata sentimita moja kwa urefu, na mbwa mwenyewe huonekana mzima. Binadamu hamezi mnyoo, bali yai lililotoka na kinyesi cha mbwa na kufika mdomoni kwa mikono, maji au chakula.

Yai likianguliwa, lava mdogo mwenye kulabu sita hutoboa ukuta wa utumbo na kuchukuliwa na damu hadi kwenye ini, ambako wengi hunaswa. Wanaoponyoka hupitia upande wa kulia wa moyo na kukwama katika mishipa myembamba ya mapafu. Kwa watu wazima, takriban asilimia 70 ya vifuko huwa kwenye ini na asilimia 20 mapafuni. Kwa watoto sehemu ya mapafu huwa kubwa zaidi.

Lava hali nyama ya pafu, na hili napenda lieleweke mapema. Anajigeuza kifuko kilichojaa maji maangavu, chenye utando wa ndani unaozaa vichwa vipya vya tegu na utando wa nje mweupe, laini kama yai lililochemshwa na kumenywa. Mwili nao hukizungushia ganda la kovu. Kwenye ini ganda hilo huwa nene na hukibana. Pafu ni laini kama sifongo, hivyo kifuko hutanuka haraka, wakati mwingine sentimita kadhaa kwa mwaka. Vijifuko vya hewa vilivyo jirani hubanwa hadi kusinyaa, na mirija ya hewa husukumwa pembeni, lakini mgonjwa anaweza kukaa miaka bila dalili yoyote.

Mambo hubadilika kifuko kikipasuka. Kikipasukia kwenye mrija wa hewa, mgonjwa hukohoa ghafla maji mengi yenye ladha ya chumvi, pamoja na vipande vya utando vinavyofanana na maganda ya zabibu. Kwenye picha, utando uliobaki huelea juu ya maji kama yungiyungi. Mabaki hayo huoza, bakteria huingia, na pafu hupata jipu. Kikipasukia nje ya pafu, maji na hewa hujaa kati ya pafu na ukuta wa kifua. Mwili pia unaweza kuyapokea maji hayo kwa mshtuko wa mzio unaoweza kuua, na kila kichwa cha tegu kilichomwagika kinaweza kuanzisha kifuko kipya.

Kwa sababu hiyo huwa nasita sana mtu anapopendekeza kuchoma sindano kwenye doa la mviringo la pafu kabla ya kufikiria kimelea huyu. Hata albendazoli, dawa tunayoitegemea kwenye ini, huweza kudhoofisha utando wa kifuko kikubwa cha pafu na kukipasua, kwa hiyo wengi wetu huitoa baada ya upasuaji. Daktari wa upasuaji huzungushia eneo vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi kali, hutoa utando, kisha hushona matundu ya mirija ya hewa mojamoja. Hakati pafu ila akilazimika, kwani sehemu iliyobanwa miaka yote hiyo mara nyingi huanza kujaa hewa tena.