Si kompyuta inayoua utamu wa wimbo

Msanii anaingia studio na wimbo aliouachia miezi mitatu iliyopita. Mwanzo uliwaka, sasa hata yeye mwenyewe anauruka. Halafu inafuata kauli ileile: “Biti za kompyuta hazina roho, tutie gitaa la kweli.”

Hapana. Kompyuta haina kosa hapo. Kinacholichosha sikio ni nakala. Chukua biti ya BPM 120 (mapigo 120 kwa dakika) yenye haihati, yale matoazi madogo ya ngoma, inayolia mara 16 kwa baa, yaani kila mapigo manne. Baa moja ni sekunde 2, wimbo wa dakika 3 una baa 90, kwa hiyo haihati inalia mara 1,440. Kama zote zimetoka kwenye sampo moja (kipande kimoja cha sauti iliyorekodiwa), velositi, yaani nguvu ya pigo, zote ni 100 na zote zimenyooka kwenye gridi, mistari ya muda ya programu, ubongo unajifunza pigo moja tu, mengine unayapuuza. Sauti ikishasafishwa mno hali inazidi kuwa mbaya, maana hakuna hata mvumo wa chumba wa kuitofautisha baa ya 8 na baa ya 40.

Na hilo gitaa? Likipigwa baa 4, likakatwa, likanyooshwa na kubandikwa mara 22, limekuwa nakala kama haihati. Kurudia nako msikusingizie. Ngoma hurudia mdundo mmoja hadi alfajiri na watu hawaondoki uwanjani, kwa sababu mkono wa mpigaji hauigusi ngozi mara mbili kwa namna moja. Singeli za mwanzo zilijengwa kwa vipande vifupi vya taarab vilivyoharakishwa, lakini juu yake kulikuwa na MC anayebadilika kila dakika.

Kwa hiyo shughulikia nakala. Weka sampo 3 au 4 za haihati hiyohiyo zipokezane. Zipe velositi za kupanda na kushuka, tuseme 95, 60, 80, 55, na uiunganishe velositi na filta, kichujio cha ung’avu, ili pigo dogo liwe pia na sauti butu kidogo. Hapa wengi wanakosea: wanapunguza ukubwa wa sauti tu, wakati kitu kinachopigwa taratibu hupoteza pia ung’avu wake. Kisha swingi, yaani kuchelewesha kidogo baadhi ya noti ili mdundo uyumbe. Mbunifu Roger Linn aliiweka kwenye mashine yake ya ngoma, LM-1, tangu 1980, kwa hiyo tusiambiwe mashine hazijui kuyumba. Kwenye BPM 120, swingi ya asilimia 58 (50 ni kunyooka kabisa) inachelewesha kila noti ya pili kati ya zile 16 za baa kwa milisekunde 20. Kwenye singeli ya BPM 240 asilimia hiyohiyo inakupa milisekunde 10 tu, kwa hiyo ukihamisha noti kwa mkono usibebe namba ya biti ya taratibu kwenda biti ya kasi.

Fupisha pia lupu (kipande kinachojirudia) moja ya pembeni iwe baa 3 huku nyingine zikibaki 4. Zitakutana upya kila baada ya baa 12, na hapo katikati sikio lina kazi ya kufanya. Na ushauri ninaourudia kwa kila mtu: rekodi kayamba moja kwa dakika zote 3, mfululizo, bila kukata wala kunyoosha. Maikrofoni ya bei ndogo inatosha. Iweke chini kabisa kwenye miksi, mahali ambapo ukiizima ndipo unagundua ilikuwepo.

“Basi nabonyeza hyumanaizi, imekwisha.” Haijaisha. Kifungo kile cha programu, cha kuifanya biti iwe kama ya binadamu, hutawanya noti kwa bahati nasibu. Mpigaji mzuri huchelewa mahali palepale kila mara, tuseme kwenye snea (ngoma ya mlio mkali) ya pigo la nne, na ndiyo maana mwili unamfuata. Noti zilizotawanywa milisekunde 20 huku na huku zinasikika kama mtu asiyejua kupiga.

“Paza masta (nakala ya mwisho ya wimbo), utadumu.” Spotify kwa kawaida husawazisha nyimbo kwenye LUFS -14, kipimo cha ukubwa wa sauti. Masta ya -7 itashushwa desibeli 7, na kitakachobaki ni ngoma zilizobanwa na limita, kifaa cha kuzuia sauti isizidi kiwango, zisizo na kilele. Umelipia kelele ambayo msikilizaji haipati.

“Ongeza ung’avu.” Sikio ni jepesi sana kati ya kilohezi 2 na 5. Ukijaza hapo wimbo unavutia kwa sekunde 30, kisha mtu anapunguza sauti bila kujua kwa nini. Jaribu kutoa desibeli 2 karibu na kilohezi 3.5.

“Ni MP3, tungetoa WAV, faili lisilobanwa.” MP3 nzuri ya kbps 320 (kilobiti kwa sekunde) haimchoshi mtu.

“Wimbo mzuri hauchoshi kamwe.” Kila wimbo unachosha. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba kukizoea kitu huongeza kukipenda, na mwenzake wa fani hiyo Daniel Berlyne akaonyesha miaka ya 1970 kwamba kilicho sahili mno hupoteza mvuto mapema kikirudiwa. Unachoweza kufanya ni kuchelewesha siku hiyo. Kabla ya kuachia wimbo, uache siku 3, kisha usikilize kwenye simu kwa sauti ya chini, mara 5 mfululizo. Andika sekunde ambayo kidole kinataka kuusogeza mbele. Mara nyingi utakuta ni baa ya kwanza ya nakala.