Je, wajua kidonge cha shubiri, tangawizi na sabuni kiligeukaje kuwa dawa ya kila ugonjwa?

Chukua shubiri iliyosagwa. Tia unga wa tangawizi, kisha sabuni kidogo ili mchanganyiko ushikane. Viringisha vidonge, hesabu 56, vitie kwenye kiboksi. Umemaliza. Hiyo ndiyo dawa iliyoitwa Beecham's Pills, iliyotoka mji wa St Helens, kaskazini mwa Uingereza, ikauzwa mpaka ng'ambo enzi za Malkia Victoria. Mwenyewe, Thomas Beecham, utotoni alikuwa mchunga kondoo. Alipofariki mwaka 1907 alikuwa tajiri wa kutajwa.

Matangazo yake yalisema vidonge hivyo vinatibu nyongo, mishipa ya fahamu, gesi tumboni, kuumwa kichwa, kizunguzungu, kuvimbiwa, kusinzia ovyo, baridi ya ghafla, joto la ghafla, kukosa hamu ya kula, kukatika pumzi, kufunga choo, vipele, kukosa usingizi na ndoto za kutisha. Naam, anayesinzia sana na asiyepata usingizi walinunua kiboksi kilekile. Lakini sisi tulioupa mti jina la mwarobaini, kwa imani kwamba unatibu maradhi arobaini, tucheke kwa staha.

"Kiboksi kimoja kina thamani ya gini moja," tangazo lilijigamba. Gini ilikuwa shilingi 21. Bei ya dukani ilikuwa shilingi 1 na peni moja na nusu, kwa hiyo mnunuzi alijiona kaokota dodo chini ya mnazi. Mwaka 1909 Chama cha Madaktari cha Uingereza kilivipeleka vidonge hivyo maabara, kikakuta viungo vitatu nilivyovitaja mwanzo. Gharama ya viungo kwa kiboksi kizima ilikadiriwa kuwa nusu ya robo peni, yaani thumuni ya peni. Shilingi moja ilikuwa na peni 12. Piga hesabu mwenyewe: ukiacha ile peni na nusu ya juu, ambayo ina kisa chake, mgonjwa alilipa mara 96 ya thamani ya alichokimeza.

Sasa, kwa nini walinunua? Jibu la haraka ni kwamba walikuwa wajinga, nalo ni jibu la kivivu. Dawa hizi zilinunuliwa kwa sababu zilifanya kazi. Haikuwa kazi iliyoandikwa kwenye kiboksi, lakini ilikuwa kazi ambayo mwili uliihisi.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa shubiri ni nini. Ni ule utomvu uliokaushwa ukawa mweusi kama lami, ambao mama wa pwani hujipaka kifuani akitaka kumwachisha mtoto ziwa; mtoto akionja mara moja, hana hamu tena. Vitabu vya ufamasia vya Ulaya vilikuwa na daraja moja la bidhaa hii liitwalo shubiri ya Zanzibar, lililosafirishwa likiwa limefungwa ndani ya ngozi. Uchungu wake ni sifa ya kwanza. Sifa ya pili ni kwamba huendesha tumbo. Ukiimeza usiku, inafika utumbo mpana taratibu, na asubuhi huna haja ya kuuliza kama dawa imeingia. Tangawizi ilitiwa kupunguza msokoto.

Na hapo ndipo nadharia ya wakati ule ilipokutana na choo. Wauzaji wa dawa hizi walihubiri kwamba maradhi yote yana chanzo kimoja: uchafu katika damu na tumbo. James Morison, aliyeanza kuuza vidonge vyake vya mimea mwaka 1825, aliifanya imani hiyo karibu dini. Ukishakubali kwamba chanzo ni kimoja, dawa moja kutibu kila kitu si ajabu tena, ni mantiki tupu. Mgonjwa anameza, anaendesha, anaona kwa macho yake uchafu ukitoka. Ushahidi gani zaidi ya huo? Kesho yake kichwa kikipoa, kwa kuwa vichwa vingi hupoa vyenyewe, sifa inaiendea dawa.

Aliyelisema hili bila haya ni Samuel Baker, Mwingereza aliyezunguka mipakani mwa Sudan na Uhabeshi kuanzia mwaka 1861 akifuatilia mito inayoingia Nile. Alibeba vidonge vya Thomas Holloway, mshindani wa Beecham, navyo vya ukoo uleule wa shubiri. Akatangaza kwamba yeye ni tabibu na ushauri ni bure. Wagonjwa wakajaa, akawagawia. Baadaye aliandika kwamba vidonge hivyo vinamfaa sana msafiri, kwa kuwa vinaharisha bila ubishi, na mgonjwa akishaona hivyo huridhika kwamba dawa ni ya kweli.

Sasa turudi kwenye ile peni na nusu. Tangu mwaka 1783 serikali ya Uingereza ilizitoza dawa hizi kodi ya stempu. Dawa ya shilingi moja ililipiwa peni moja na nusu, na ndiyo maana bei ile isiyo duara inajirudia kwenye matangazo mengi ya wakati huo. Stempu ilibandikwa juu ya kifuniko, ukaipasua ndipo ukafungua. Kwa serikali hiyo ilikuwa risiti ya kodi tu. Kwa mnunuzi, mara nyingi asiyesoma vizuri, ilikuwa muhuri wa dola: kama serikali imebandika, basi serikali imekubali. Beecham alifika mbali zaidi, akapata jina la vidonge vyake lichapwe kwenye stempu yenyewe. Baadaye stempu ziliongezewa maneno kwamba hazimaanishi dhamana yoyote ya serikali. Hapo watu walikwisha kuzoea kuiona kama kibali.

Jina la kundi zima la dawa hizi nalo lilikuwa la kupotosha. Ziliitwa dawa za hataza, yaani zenye haki ya uvumbuzi iliyosajiliwa, na nyingi hazikuwa na hataza yoyote. Hataza hutaka ueleze hadharani kilichomo ndani ya kitu chako, na hawa jambo moja walilolilinda kuliko fedha ni kutosema kilichomo. Walichosajili ni jina la biashara.

Holloway alielewa kwamba bidhaa yenyewe ni jina. Alianza London mwaka 1837 na marhamu, akaongeza vidonge, akaonja hata jela kwa madeni, kisha akatoka na kumwaga fedha kwenye magazeti. Mwaka 1842 alitumia pauni 5,000 kwa matangazo. Miaka yake ya mwisho ilikuwa kiasi cha pauni 50,000 kwa mwaka. Alifariki mwaka 1883. Faida ya vidonge vyake ilijenga chuo cha wanawake ambacho Malkia Victoria mwenyewe alikwenda kukifungua mwaka 1886, na leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha London. Ukiliona jengo lile la matofali mekundu na minara yake, kumbuka tu kwamba msingi wake ni choo laini cha maelfu ya watu.

Hadi hapa ni kisa cha kuchekesha, kwa sababu shubiri haikuua wengi. Sharubati za watoto ni habari nyingine.

Godfrey's Cordial ilikuwa shira tamu ya molasi iliyotiwa afyuni. Iliuzwa bei chee, na ilitumika sana kwenye miji ya viwanda kama Manchester na Nottingham. Mwone mama wa kiwandani: amejifungua, wiki chache tu arudi kazini, vinginevyo nyumba haili. Mtoto anaachwa kwa bibi mmoja wa jirani mwenye watoto wengine kadhaa wa kulea. Mtoto analia. Kijiko kimoja, ananyamaza. Hapa tena dawa imefanya kazi, na imefanya haraka kuliko shubiri. Tatizo ni kwamba mtoto aliyelewa afyuni halii njaa, na asiyelia hanyonyeshwi. Wachunguzi wa serikali wa miaka ya 1860 walieleza watoto waliosinyaa wakafanana na vizee vidogo. Wengi hawakufa kwa sumu ya ghafla; walidhoofika kimyakimya, na daftari la vifo likaandikwa udhaifu. Marekani nako ilikuwapo Mrs Winslow's Soothing Syrup, ya mwaka 1849, yenye mofini, dawa kali itokanayo na afyuni, ndani yake, ikitangazwa kwa picha za akina mama wenye tabasamu.

Mwaka 1868 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwamba afyuni iuzwe na wafamasia tu. Dawa za hataza zikaachwa nje ya sheria hiyo. Mtu hakuweza kununua afyuni kiholela, ila iliyotiwa sukari na kupewa jina zuri aliendelea kuipata. Sijui kama kuna mwanya wa sheria uliokuwa na ukatili kuliko huo.

Magazeti je? Yaliishi kwa matangazo hayohayo. Madaktari walipochapisha uchunguzi wao wa 1909 kwenye kitabu, magazeti kadhaa yalikataa hata tangazo la kulipia la kitabu hicho. Huko Marekani, kampuni ya Lydia Pinkham, iliyouza dawa ya akina mama yenye kilevi kama asilimia 18, iliendelea kuwaalika wateja wamwandikie Bi. Pinkham siri zao. Mwaka 1905 jarida moja la wanawake likachapa picha ya jiwe la kaburi lake mjini Lynn: Bi. Pinkham alikuwa amefariki tangu 1883. Mwaka uliofuata, 1906, Marekani ikapitisha sheria ya kulazimisha lebo zitaje kilevi na afyuni.

Uingereza ilichelewa. Kamati ya Bunge ilihoji mashahidi kwa miaka miwili, ikatoa ripoti kali tarehe 4 Agosti 1914, siku ileile nchi ilipoingia Vita Kuu. Nani angeisoma? Sheria ya kuwataka wauzaji wataje viungo ilikuja mwaka 1941, pamoja na kufutwa kwa ile stempu.

Katikati ya yote hayo, mtu mmoja aliwashinda peke yake, na mwanafunzi yeyote wa sheria wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala analijua jina lake kwa sababu kesi yake hufundishwa mwaka wa kwanza. Novemba 1891, wakati mafua makali yakiisumbua London, Bi. Louisa Carlill alinunua kwa shilingi 10 kibofu cha mpira kilichojaa unga wa kaboliki, kemikali ya kuulia vijidudu, cha kuvuta puani. Tangazo liliahidi pauni 100 kwa atakayepata mafua baada ya kukitumia mara tatu kwa siku kwa wiki mbili, na likasema pauni 1,000 zimewekwa benki kuonyesha kwamba si mzaha. Alikivuta kila siku mpaka tarehe 17 Januari 1892, alipoanguka kitandani kwa mafua. Mumewe, mwanasheria, akaandika barua. Kampuni ikajibu kwamba, ili kuzuia ulaghai, mama huyo aje ofisini kwao kila siku avute mbele ya karani. Mahakamani ikajitetea kwamba tangazo lilikuwa majigambo tu ya kibiashara. Majaji wa rufaa wakauliza, kama ni majigambo, zile pauni 1,000 benki zilikuwa za nini? Wakaiamuru ilipe.

Ikalipa, kisha ikatoa tangazo jipya, safari hii la pauni 200, na masharti tele. Bi. Carlill aliishi mpaka mwaka 1942, akafariki akiwa na miaka 96. Daktari wake aliandika sababu mbili: uzee, na mafua.